Stima Ikipotea, Linda Rekodi Kabla ya Taa

Ukimuuliza mwenye duka kwa nini anataka umeme wa akiba, wengi watakujibu, "Nisifunge mapema." Ni jibu la haki. Hakuna anayependa kuona wateja wakipita kwenda kwa jirani mwenye jenereta. Lakini sisi tunaoshughulika na malipo ya simu kila siku tunaliona jambo hili kwa upande mwingine. Hasara inayouma zaidi haiji na masaa matatu ya giza. Inakuja ule wakati mfupi stima inapopotea mteja akiwa ameshaweka PIN.

Msimamo wetu ni huu: kwa biashara ndogo yenye kompyuta, umeme wa akiba wa kwanza kununua ni ule wa dakika ishirini. Wa kutwa nzima unaweza kungoja. Dakika ishirini zinatosha kumaliza malipo yaliyoanza, kutoa risiti, kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Ukishapata hizo, ndio uanze kufikiria sola ama jenereta.

Kinachotokea katikati ya malipo

Tuseme duka lako linauza kwa kompyuta. Mhudumu anaingiza bidhaa, anaandika nambari ya simu ya mteja, mteja anapata ombi la malipo kwenye simu yake na kuweka PIN. Kutoka hapo kuna safari mbili. Ya kwanza, pesa inatoka kwa mteja na kuingia kwenye tili yako. Ya pili, ujumbe unarudi kwa kompyuta yako kuiambia kwamba mauzo haya yamelipwa.

Safari ya kwanza haihitaji stima ya duka lako hata kidogo, kwa sababu inafanyika kwenye mitambo ya kampuni ya malipo. Safari ya pili ndiyo inayohitaji kompyuta na ruta ziwe hai. Stima ikikatika kati ya hizo mbili, pesa imeshaingia lakini kompyuta haijui. Ukiiwasha baadaye, inaweza kukuonyesha mauzo hayo kama hayajalipwa.

Hapo ndipo makosa matatu huzaliwa. La kwanza, mteja anaambiwa alipe tena kwa sababu "mfumo umekataa". Analipa mara mbili, na kesho yake mnaanza mambo ya kurudishiana pesa. La pili, mhudumu anaamua kuangalia SMS kwenye simu ya mteja na kumwachilia na mzigo. SMS ya uongo ni rahisi kutengeneza, na giza ni rafiki mkubwa wa tapeli. La tatu, stima ikirudi, mhudumu anaingiza mauzo yale upya kama pesa taslimu, ama anasahau kuyaingiza kabisa. Jioni, taarifa ya tili inasema hivi, kompyuta inasema vile, na droo ya pesa ina lake.

Jioni, nani analipa?

Hili ndilo linalotufanya tuandike leo. Katika maduka mengi hesabu isipokubali, jambo la kwanza ni kumkata mhudumu mshahara. Tunaona hilo si haki, na pia si biashara nzuri.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa upungufu wa pesa uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa hizo. Stima kupotea si uzembe wa mhudumu. Hakuzima transfoma yeye. Kama mwenye duka hajaweka hata kifaa kidogo cha kuishika kompyuta dakika chache, na hajamwachia mhudumu daftari wala maagizo ya la kufanya, basi pengo lile ni la duka. Ukilirudisha kwa mtu wa chini, utapoteza mhudumu mwaminifu na tatizo litabaki palepale, likingoja stima ipotee tena.

Kuna wanaosema, "Kwetu stima haipotei sana." Tunafurahi nao. Lakini tarehe 7 Juni 2016 tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye Mto Tana, na nchi nzima ikakaa gizani kwa masaa. Ijumaa usiku ya tarehe 25 Agosti 2023 giza likaenea tena sehemu kubwa ya nchi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaathirika. Kabla ya mwaka ule kuisha tulipata mengine, Novemba na Desemba. Hayo ni makubwa yanayotangazwa kwenye habari. Hatujahesabu fyuzi ya mtaa, nguzo iliyogongwa na gari, ama tokeni zilizoisha katikati ya wiki kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amenunua.

Anza na ulichonacho

Kabla hujaenda dukani kununua chochote, angalia kompyuta yenyewe. Kama ni wakati wa kubadilisha ile ya mezani, fikiria laptopu. Hata laptopu ya mtumba yenye betri nzima ina umeme wake wa akiba ndani. Stima ikipotea haishtuki, inaendelea. Kwa duka la kawaida la rejareja, chemisti ndogo ama saluni, laptopu inafanya kazi yote ya mauzo bila shida. Printa ndogo ya risiti yenye betri yake inakamilisha kazi.

Lakini laptopu peke yake haitoshi kama ruta imezima. Hapa ndipo watu wengi husahau. Kompyuta inawaka, lakini ule ujumbe wa malipo hauna njia ya kufika. Ruta nyingi za dukani zinakula umeme kidogo sana, kama wati 10 hivi, kwa hivyo ni rahisi kuzishika. Kuna betri ndogo za ruta zinazouzwa kwa kazi hiyo. Angalia mambo mawili ukinunua: volti zilingane na zile zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta yako (mara nyingi ni 12), na usidanganywe na ukubwa wa namba za mAh. Betri ikiandikwa 8,800 mAh, hesabu hiyo kwa kawaida ni ya seli za ndani za volti 3.7, sio za volti 12. Ukizidisha unapata kama wati-saa 32. Kwa ruta ya wati 10 hayo ni karibu masaa matatu, ukitoa kidogo kinachopotea njiani.

Kama mtandao wako unapitia kisanduku cha pamoja cha jengo, uliza mwenye jengo kama kisanduku hicho nacho kina betri. Kama hakina, ruta yako itawaka lakini intaneti haitakuwepo. Weka basi laini ya data kwenye simu ya duka iwe njia ya pili. Na ukumbuke minara ya simu nayo inategemea betri na jenereta. Giza likidumu sana, hata mtandao wa simu unaweza kudhoofika. Ndiyo maana tunasisitiza zile dakika za kwanza: maliza yaliyoanza wakati mtandao bado upo.

UPS: hesabu ya kufanya kabla ya kulipa

Kwa anayetumia kompyuta ya mezani, UPS ni lazima. Muuzaji atakuambia, "Hii ni ya 650." Namba hiyo ni VA, na sio wati. Wati ndizo za kuangalia, na kwa UPS ndogo huwa chini sana ya VA. UPS ya 650VA mara nyingi inabeba wati 360 hadi 390. Soma kibandiko cha nyuma, ama mwambie muuzaji akuonyeshe.

Halafu jumlisha vifaa vyako. Chukua mfano huu: kompyuta wati 80, skrini 25, ruta 10, printa ya risiti ikiwa imetulia 5. Jumla ni wati 120. UPS ndogo kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na Ah 7, yaani wati-saa 84 kwenye karatasi. Lakini betri ya aina hiyo ikinyonywa kwa kasi haitoi yote, na kifaa chenyewe kinakula kidogo. Hesabu nusu, wati-saa 42. Gawanya kwa 120, unapata kama dakika 20, betri ikiwa mpya.

Basi usinunue UPS ukitarajia kuuza mpaka usiku. Iko pale ikupe nafasi ya kumaliza. UPS nyingi pia zina waya wa USB wa kuunganisha na kompyuta. Uchomeke. Ukiweka mipangilio vizuri, betri ikikaribia kuisha kompyuta inajizima yenyewe kwa utaratibu, hata kama mhudumu ametoka kidogo. Hilo linaokoa faili ya mauzo. Kompyuta ikizimika ghafla wakati inaandika, faili inaweza kuharibika, na fundi wa kuifufua atakutoza kuliko bei ya betri.

Usichomeke kila kitu

UPS ni kama bodaboda. Inabeba, lakini ina mwisho wake. Vitu hivi visikaribie: printa ya leza, friji, birika la umeme, pasi na feni kubwa. Printa ya leza ina kifaa cha kupasha joto ambacho kwa muda mfupi kinaweza kunyonya wati elfu moja na zaidi. Friji inavuta umeme mwingi wakati mota inaanza. Ukichomeka mojawapo, UPS italia na kuzima yote, pamoja na kompyuta uliyotaka kuilinda.

Angalia pia soketi zenyewe. Baadhi ya UPS zina soketi za aina mbili: zinazopata betri, na zinazozuia tu umeme wa ghafla. Tumeona maduka ambapo kompyuta imechomekwa upande usio na betri, na mwenyewe anasema UPS ni mbovu.

Joto nalo linaua betri. Betri hizi za risasi huishi miaka mitatu hadi mitano mahali penye ubaridi. Zikikaa kwenye joto, umri unapungua haraka. Wa Mombasa, Malindi na Garissa mnalijua joto. Weka UPS mahali hewa inapita. Usiifiche nyuma ya magunia ama juu ya friji. Andika tarehe ya kununua kwa maka juu yake, ili mwaka wa tatu usikushtue.

Stima ikirudi ndio hatari

Wengi wanaogopa stima kuondoka. Mafundi wanaogopa ikirudi. Mara nyingi inarudi na kishindo, inapanda, inashuka, inapotea tena, halafu inatulia. Vifaa vingi huungua hapo.

Stima ikipotea na hakuna UPS, zima swichi za ukutani za kompyuta, skrini na printa. Ikirudi, subiri dakika tano hivi, uone kama imetulia, ndipo uwashe kimoja kimoja. Vilinda umeme vinavyochelewesha kuwasha, kama vile watu huweka kwenye friji na TV, vinafaa pia hapa. Havichukui nafasi ya UPS, lakini ni bora kuliko ekstensheni ya kawaida iliyobeba vitu sita.

Inveta, sola na jenereta

Kama biashara yako haiwezi kusimama, kwa mfano saibakafe, kliniki ama duka la wakala lenye foleni, utahitaji zaidi ya dakika ishirini. Hesabu ni ileile. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ili idumu, usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Toa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama 500. Kwa mzigo wetu wa wati 120, hayo ni masaa manne hivi. Betri za lithiamu zinaruhusu kutumia sehemu kubwa zaidi, lakini bei yake ni ya juu. Ukiambiwa betri itashika duka kutwa nzima, mwambie muuzaji afanye hesabu hii mbele yako na vifaa vyako, sio vya mfano wake.

Inveta zingine zinachelewa kidogo kubadilisha kutoka stima ya laini kwenda betri. Taa haioni huo mda, lakini kompyuta inaweza kuzima na kujiwasha upya. Ndiyo maana hata mwenye inveta mara nyingi anahitaji UPS ndogo ya kompyuta. Mwenye jenereta pia, maana jenereta haiwaki yenyewe na umeme wake mara nyingine unayumba.

Na jenereta isiwashwe ndani, wala kwenye korido, wala chini ya dirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, na inaua watu waliokaa wakidhani wako salama. Usiichomeke kwenye soketi ya ukutani ili "irudishe" stima dukani. Umeme unaweza kurudi kwenye laini na kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Inatakiwa swichi ya kubadilisha, iliyowekwa na fundi mwenye leseni ya EPRA. Mwambie akuonyeshe leseni, usione haya.

Daftari halihitaji betri

Vifaa vyote hivi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni utaratibu, na haugharimu chochote isipokuwa daftari, kalamu na tochi. Uandike kwa lugha ambayo kila mhudumu anaielewa, uubandike karibu na kaunta:

1. Stima ikipotea, usianzishe malipo mapya kwenye kompyuta. Maliza yaliyoanza.
2. Malipo yanathibitishwa kwenye simu ya tili ama taarifa ya tili. SMS ya simu ya mteja haithibitishi kitu.
3. Kama pesa imeingia lakini kompyuta haikuona, usimwambie mteja alipe tena. Andika nambari ya muamala, kiasi, saa na bidhaa kwenye daftari, mpe risiti ya mkono, mteja aende.
4. Hifadhi kazi, zima kompyuta.
5. Stima ikirudi, ingiza yaliyo kwenye daftari moja baada ya lingine, ukitia alama kila uliloingiza. Kama duka lako linatoa ankara za eTIMS, hapo ndipo pa kuhakikisha hakuna iliyorukwa.
6. Jioni, linganisha taarifa ya tili, daftari na kompyuta kabla ya kumuuliza mtu yeyote lolote.

Simu ya tili ichajiwe kila asubuhi, na iwe na pawabenki iliyojaa kando yake. Huyo ndiye shahidi wako gizani. PIN yake isiandikwe kwenye daftari hilo, wala isisemwe kwa sauti dukani, hata kama kuna giza na haraka.

Wewe unayeuza kwa simu peke yake, bila kompyuta, usidhani haya hayakuhusu. Kibanda chako kinahitaji pawabenki, tochi na daftari, na kanuni ya pili na ya tatu ni zako kabisa.

Jaribu kabla ya giza kukujaribu

Umeme wa akiba usiojaribiwa ni matumaini tu. Mara moja kwa mwezi, wakati duka limetulia na kazi imehifadhiwa, chomoa UPS ukutani. Angalia saa. Kompyuta ilibaki? Ruta ilibaki? Zilidumu dakika ngapi? Andika. Mwezi huu zikiwa 20 na baada ya mwaka zikawa 6, betri inakuaga, na ni nafuu kuibadilisha siku unayochagua wewe. Ya zamani usiitupe na takataka, ina risasi na asidi. Irudishe kwa muuzaji ama wanaokusanya betri chakavu.

Kabla hujalalamika kwamba vifaa hivi ni ghali, fanya hesabu moja zaidi. Chukua upungufu wa jioni moja ambayo hesabu haikukubali, ongeza mteja mmoja aliyelipa mara mbili na hakurudi tena, ongeza mshahara uliomkata mtu ambaye hakuiba. Weka jumla hiyo kando ya bei ya betri ya ruta na UPS ndogo. Sisi tunaamini utanunua betri. Na ukishanunua, kaa na wahudumu wako kwa nusu saa, mpitie ile karatasi ya kaunta pamoja, kila mmoja achomoe waya mwenyewe aone kinachotokea.